Mtoto apewe mtu wa kumsikiliza akisoma

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya karibuni kuhusu watoto kutopenda kusoma nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mafundi wenzangu nao wasikie. Mwandishi amezitaja simu, madarasa yaliyofurika, uhaba wa vitabu na walimu waliochoka. Sipingi hata kimoja. Lakini katika makala nzima sikumkuta bibi, shangazi, kaka wala jirani, kana kwamba mtoto akitoka shuleni mchana hayuko popote mpaka kesho yake asubuhi. Naomba nafasi niseme habari za nyumbani. Huko ndiko nilikopata mimi hamu ya kusoma, na huko ndiko naiona ikifia kwa watoto wengi wa mtaani kwetu.

Mimi ni fundi cherehani wa Kirumba, Mwanza. Nilizaliwa Kwimba katikati ya miaka ya sitini, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Ukiacha kitabu cha sala cha mama, vitabu nyumbani kwetu havikuwepo. Aliyenifanya nipende kusoma ni bibi yangu mzaa baba, naye wakati huo hakuijua hata herufi moja.

Sensa ya 1967 ilikuta karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma, na bibi alikuwa mmojawapo. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwetu Kanda ya Ziwa kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza hata kabla ya hapo. Mtu alifundishwa kusoma kupitia kazi yake mwenyewe: wavuvi walisoma mambo ya uvuvi, wenye migomba walisoma migomba, nasi tulisoma pamba. Masomo yalikuwa alasiri, watu wakishatoka shambani, tena katika shule ileile tuliyosoma sisi watoto asubuhi. Bibi yangu alikaa kwenye madawati yetu, magoti yamebana, ameshika penseli kama mtu anayeshika kifaranga.

Alikuwa na sababu yake ya kwenda. Wakati wa mavuno, pamba huchambuliwa ikapata mafungu mawili, safi na fifi, na bei zake ni mbalimbali. Bibi alichambua kwa mikono yake siku nzima, akajua ndani ya gunia kuna nini. Akifika kwenye mizani ya ushirika, karani anaandika, anachana stakabadhi, anampa. Karatasi ile ilisema safi au ilisema fifi? Hakujua. Aliiweka kwenye pindo la kanga, akaja nayo nyumbani, akamngoja mtu wa kumsomea. Wakati mwingine huyo mtu alikuwa baba, ambaye alirudi usiku. Wakati mwingine hakuwepo mtu mpaka kesho. Kisomo kilipokuja, bibi alikuwa na maneno mawili aliyotaka kuyajua kabla ya mengine yote.

Nilipoanza darasa la kwanza, yeye tayari alikuwa akihangaika na silabi. Basi jioni alinikalisha karibu na jiko na kuniambia, "Nisomee." Nilisoma kitabu chake cha pamba na kitabu changu cha shule, chochote kilichokuwepo. Nilisoma kwa kujikwaa, yeye akafuata kwa kidole chake chenye unga. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kulala nayo, kwa hiyo kila nikimaliza sentensi aliniuliza kwa Kisukuma, "Anasema nini hapo?" Ilinibidi nimweleze. Kama sikuelewa nilichosoma, alijua papo hapo, kwa sababu maelezo yangu hayakumwingia. Basi tulirudi juu na kuanza upya, si kwa hasira, ni kwa kuwa alitaka kujua kweli. Kama kitabu kilisema mbegu zipandwe kwa mistari na zipunguzwe zikishaota, aliuliza kwa nini zipunguzwe wakati mtu amezitolea jasho. Nami nilitafuta jibu kwenye ukurasa uleule, kwa bidii ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuiona.

Hicho ndicho nilichotaka kukisema, Mhariri. Siku hizi tunawaambia wazazi wawasomee watoto. Ni jambo jema, afanye anayeweza. Lakini lililonijenga mimi lilikuwa kinyume chake: nilikuwa na mtu mzima aliyetaka kusomewa. Alikuwa na shida na maneno yale, na mimi mtoto ndiye niliyekuwa nayo mkononi. Mtoto akiona sauti yake inamfanya mkubwa aache kupepeta mchele na kugeuza uso, hatahitaji kushurutishwa kusoma.

Kaka yangu mkubwa alinifundisha upande mwingine wa jambo hilohilo. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wanavijiji walijigawa katika vikundi, wakakusanyika kusikiliza kipindi redioni, kisha kijitabu kikasomwa na watu wakajadiliana: malaria, kuhara, maji machafu, choo. Kikundi cha kwetu kilikutana uani kwa jirani, na msomaji wao alikuwa kaka, kijana wa darasa la sita. Wazee wenye mvi walinyamaza kumsikiliza mtoto wa juzi! Alisoma taratibu na kwa madaha. Mtindo ule aliupata kwa babu kwenye shikome, pale wanaume na wavulana walipoota moto jioni na babu akasimulia mambo ya zamani. Babu hakujua kusoma mpaka anaingia kaburini, lakini alijua mahali pa kunyamaza ili watu waseme "enhe, ikawaje?" Kaka alinyamaza mahali palepale, akiwa na kijitabu cha choo mkononi. Na siku mbili tatu baadaye wanaume walikuwa nyuma ya nyumba na majembe, wanachimba shimo. Nilisimama pale nikaelewa kwamba maneno aliyoyasoma kaka ndiyo yaliyolichimba. Nilimwonea wivu mkubwa, na wivu ule ulinisukuma kusoma kuliko zawadi yoyote.

Mtihani wa taifa wa kisomo ulipofanyika Agosti 1975, bibi alifaulu. Baadaye likatufikia gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lililotolewa kwa ajili ya watu kama yeye, waliokwisha kujua kusoma na wasingekuwa na cha kusoma. Alilisoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza. Lakini hakuacha kuniita. Alisema macho yake yanachoka. Nadhani alipenda tu kusikia.

Kisha kuna barua. Vijana wa leo hawakuijua kazi hii, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Mtoto aliyesoma vizuri alikuwa mali ya kitongoji kizima. Barua ilikuja kwa sanduku la posta la shule, mwalimu akatukabidhi, nasi tukaipeleka kwa mwenyewe na kumsomea. Karibu zote zilianza namna moja: salamu nyingi kama mchanga wa bahari, na baada ya salamu mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Tuliyajua maneno hayo kwa moyo, lakini ole wako uyaruke! Mwenye barua alitaka yasomwe yote.

Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, jirani yetu mmoja, mjane, alikuwa na kijana wake mbele, amechukuliwa katika mgambo. Barua zake zilikuwa fupi, zimeandikwa kwa penseli. Mama yule alinifuata hata usiku. Nilisoma mara ya kwanza, akanyamaza. Akaniambia rudia. Nilirudia. Akaniambia soma pale tu aliposema anakula vizuri. Nilipasoma pale tu. Jambo hilo lilinifundisha kusoma kwa namna ambayo darasani haipo: kujua sentensi ipi isomwe kwa sauti ipi, na mahali pa kutua ili mtu apumue. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na mtu mzima alikuwa akiutegemea ulimi wangu. Kijana wake alirudi salama, nasema hivyo ili msomaji asibaki na wasiwasi.

Sasa tuje kwa watoto wetu. Kibanda changu kiko njia ya kwenda soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo nakutana na wazazi wa kila namna, na wakati nawapima nguo tunazungumza. Mama mmoja muuza dagaa alinilalamikia kwamba binti yake yuko darasa la tatu na kitabu hakishiki. Akasema, "Mama, mimi niliishia darasa la nne, nitamsomea nini mtoto wa siku hizi?" Nilimwambia, "Usimsomee. Mwambie akusomee wewe." Alinitazama kama nimemwambia jambo la ajabu. Wazazi wengi waliosoma kidogo wanajiona hawana mchango wowote, wanaona kusoma ni kazi ya mwalimu na ya twisheni. Hakuna aliyewaambia kwamba masikio yao ni mchango, tena mkubwa.

Watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kujua kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipoanza mwaka 2010 kupita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, walibeba hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na watoto wengi wa darasa la tatu ilikuwa ikiwashinda. Serikali ikaja na mtaala wa 2015, darasa la kwanza na la pili watilie mkazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Vizuri sana. Lakini mtoto akishajua kuunganisha silabi, nani huko nyumbani anataka kuzisikia?

Kuna mambo ninayoyaona yanaua hamu hiyo, na nitayataja bila kuficha kwa sababu yananiuma.

Kitabu kimegeuzwa adhabu. Mtoto amevunja kikombe, anaambiwa "ingia ndani ukasome!" Amechelewa dukani, "leo utasoma mpaka ulale." Wenzake wako nje wanacheza rede, yeye kafungiwa na kitabu. Mtoto huyo akikua akakichukia kitabu, tumlaumu nani?

Tena kuna nyumba, na si za maskini, ambazo vitabu vya hadithi vimenunuliwa vikafungiwa kwenye kabati la vioo pamoja na vikombe vya wageni. Mtoto akivigusa anafokewa kuwa atavichafua. Mimi nasema vichafuke. Vichanike, vigundishwe, vichanike tena. Mtu asiseme kwamba vitabu vya watoto vya Kiswahili havipo, maana Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwepo tangu 1991 na umesaidia kutoa vitabu vingi vizuri vyenye picha. Na kwa asiyeweza kununua, Maktaba ya Mkoa iko hapahapa mjini. Nimeishi na wazazi waliozaliwa Mwanza na hawajawahi kukanyaga mlango wake, lakini kila Jumapili wanawapeleka watoto ufukweni. Ufukwe mzuri, sikatai. Njiani wangepita na maktaba siku moja ya wiki inapokuwa wazi.

Jambo linaloniumiza zaidi ni hili la lugha, na najua nitapingwa. Wazazi wengi wanajinyima ili mtoto asome shule ya Kiingereza tangu chekechea. Nia yao ni njema, wanamtakia mtoto maisha. Lakini mtoto wa miaka sita anarudi na kitabu cha Kiingereza kwenye nyumba yenye bibi anayejua Kisukuma na Kiswahili, mama anayejua Kiswahili, na dada wa kazi anayejua Kiswahili. Anasoma, nyumba nzima inasema "hongera, anajua Kiingereza!", wanapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyesikia hadithi. Sungura kafanya nini, hawajui. Penye kuchekesha hakuna aliyecheka. Mtoto anapigiwa makofi kwa sauti, si kwa habari. Baada ya muda naye anaacha kuitafuta habari, anatoa sauti tu. Nimemwona mtoto wa namna hiyo akisoma ukurasa mzima bila kukosea, nikamwuliza kwa Kiswahili kilichotokea, akabaki ananitazama. Basi mzazi, mlipie hiyo shule ukitaka, lakini mtoto huyo awe na kitabu cha Kiswahili nyumbani, ili awepo mtu wa kucheka naye.

Kwa akina baba nina machache. Mwanaume akikaa nje jioni na gazeti, amwite mtoto wake wa kiume amsomee habari za mpira. Simba na Yanga zinaweza kumfundisha kusoma mtoto ambaye kitabu cha shule kimemshinda. Hata matokeo ya mechi yanasomwa.

Mimi mwenyewe nina mjukuu wa kiume, darasa la tatu, anayeshinda kibandani kwangu akitoka shule kwa sababu mama yake yuko sokoni. Anakaa kwenye benchi la wateja na kunisomea gazeti lenu nikiwa nashona. Sikumpangia muda wala kurasa. Nilichofanya ni kusikiliza kwa miguu. Habari ikiwa ya kawaida, naendelea kukanyaga cherehani. Habari ikikolea, naacha kukanyaga, gurudumu linasimama, kibanda kinakuwa kimya. Siku za kwanza hakuliona hilo. Sasa amelijua, na anatafuta gazetini habari ya kuusimamisha mguu wangu. Anapitisha macho kurasa zote kwanza, anachagua, ndipo ananisomea. Siku moja alinisomea habari ya mamba aliyeonekana karibu na wavuvi ziwani, akaishusha sauti mwenyewe bila kufundishwa, na mteja aliyekuja kuchukua sare za wanawe akakaa chini mpaka mwisho. Neno likimshinda analisoma vipandevipande, nami simdakii mdomoni. Namwachia. Akishindwa kabisa ananiuliza, nami namwambia, tunaendelea. Dada yake mdogo hajaanza shule, lakini ameshaanza kusoma majina ya kanga za wateja kwa kuyakariri, anapitisha kidole kwenye maandishi, akikosea kaka yake anamsahihisha kwa ukali wa mwalimu mkuu. Kati yao wawili mimi sitii mkono.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, Mhariri, na siiandikii Wizara. Gazeti lenu ndilo kitabu pekee kinachoingia nyumba nyingi za hapa, hata kama kimeingia kwa kufungia maandazi. Naomba mtupe ukurasa wa watoto, au hata nusu ukurasa, mara moja kwa wiki, wenye herufi kubwa na Kiswahili chepesi. Uwe na hadithi ya mfululizo, inayokatika mahali patamu na kuandikwa "itaendelea", ili mtoto mwenyewe amkumbushe baba yake kununua toleo la wiki ijayo. Msiiweke hadithi hiyo ili mtoto aisome peke yake kimyakimya. Andikeni juu yake, kwa herufi nzito, kwamba ni ya kusomewa mkubwa, na mwishoni wekeni maswali mawili matatu ambayo mkubwa atajibu na mtoto atasahihisha. Wapeni na nafasi watoto waandike barua kwenu, mzichape pamoja na jina la shule na kijiji. Mtoto akiona jina la kijiji chake gazetini, kijiji kizima kitasomewa toleo hilo.

Iwe Jumamosi kama inawezekana, kwa sababu siku hiyo watoto wako nyumbani na wateja wangu wanakaa muda mrefu. Mkiuanzisha, nitanunua nakala mbili kila wiki, moja ya kibandani na moja ya yule binti wa muuza dagaa. Mama yake ameniambia ameanza kumsikiliza jioni wakati wa kuanua dagaa, na kwamba juzi binti alikataa kulala kabla hawajaimaliza hadithi.

Wenu,
Fundi cherehani,
Kirumba, Mwanza